Simu, WMR, Rift au Quest 2? Njia nne za kuingia kwenye gemu za risasi za VR kwa mfuko mdogo

Risasi zimeisha. Unabonyeza kitufe, magazini tupu inadondoka sakafuni. Mkono wa kushoto unapanda juu ya bega, unazama mgongoni kwenye begi usiloliona, unatoka na magazini mpya, unaipachika kwenye kitako cha bastola, unakoki. Muda wote huo zombi anakuja: hatua nne, tatu, mbili. Mkono ukitetemeka, magazini inakuponyoka na unaanza upya.

Hiyo ni Half-Life: Alyx, gemu ambayo kampuni ya Valve waliitoa Machi 2020, na sekunde zile chache ndizo zilizonipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Katika gemu za risasi za VR, yaani uhalisia pepe unaochezwa ukiwa umevaa miwani yenye skrini, swali la kwanza si miwani ipi ina picha kali. Swali ni ipi inaiona mikono yako. Vijana wengi wanaoniuliza ushauri hapa Dar wanaanza na picha, kisha bei, na mikono wanaikumbuka wakishanunua. Ndiyo maana naziweka njia nne za bei nafuu bega kwa bega, na kila moja naipitisha kwenye tundu hilohilo la sindano: je, nitaweza kubadilisha magazini kwa mikono yangu zombi akiwa hatua mbili?

Kabla ya miwani, mashine

Mahitaji ya chini ya Alyx kwa mujibu wa Valve ni prosesa ya Core i5-7500 au Ryzen 5 1600, RAM ya GB 12, na kadi ya grafiki ya GTX 1060 au RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 6. Huo ni mstari mzuri wa kuanzia, kwa sababu gemu nyingi za VR za miaka ile zilitengenezwa kwa mashine za aina hiyo.

Sasa tazama kompyuta zinazouzwa kwa mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Nyingi zilitoka maofisini Ulaya na Uarabuni: Dell OptiPlex na HP EliteDesk, na zile nyembamba ndizo zilizojaa zaidi. Ndani ya kasha lile jembamba, kadi ya kawaida haiingii kwa urefu wala kwa kimo, na pawa saplai yake ni ndogo, mara nyingi haina hata waya wa ziada wa kulisha kadi. Kinachoweza kukaa humo ni kadi fupi inayokula umeme wa sloti yenyewe, wati 75, kama GTX 1650 ya kimo kifupi. Inaendesha VR nyepesi, lakini kwa Alyx iko chini ya mstari wa Valve. Kwa hiyo kama bado hujanunua kompyuta, chukua ileile OptiPlex au EliteDesk katika umbo la kasha kubwa la wima. Tofauti ya bei huwa ndogo, tofauti ya unachoweza kufanya baadaye ni kubwa mno. Uliza pia kuhusu pawa saplai, maana baadhi ya mashine hizi zina plagi za kampuni yenyewe ambazo pawa saplai ya kawaida haiingiani nazo bila adapta.

Kwenye kadi nina kisa. Niliwahi kununua RX 580 ya GB 8 kwa bei iliyonifurahisha. Nilipoifunga na kuifungua kwa programu ya GPU-Z, ikaonyesha vichakataji 2048. RX 580 halisi ina 2304. Zipo kadi zilizotoka kiwandani kwa jina la RX 580 2048SP, na kiini chake kwa kweli ni cha RX 570. Hazikuwa za kughushi, ila si ile uliyodhani umelipia. Juu ya hilo, kadi nyingi za familia hiyo zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022, uchimbaji ulipokoma, zikamwagwa sokoni. Feni zake zimechoka, na bandiko la kupozea joto limekauka kama udongo wa kiangazi. Ukiinunua, panga kuifungua, kuisafisha na kuipaka bandiko jipya siku hiyohiyo.

Kwa GTX 1060 mtego uko kwenye kumbukumbu: ya GB 3 na ya GB 6 zina jina moja, lakini ya GB 3 imepunguzwa hata vichakataji. Chukua ya GB 6. Nayo ina kasoro ya umri. Tangu Oktoba 2025 NVIDIA wameacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kizazi hicho, wakabakiza za usalama tu. Gemu za zamani hazitaacha kufanya kazi kwa sababu hiyo. Bado naipendelea kuliko RX 580 katika safari hii, na sababu utaiona tukifika kwenye miwani za WMR (Windows Mixed Reality).

Njia ya kwanza: simu ndani ya boksi

Google walitoa Cardboard mwaka 2014, na tangu hapo maboksi ya plastiki yenye lenzi mbili yamesambaa hadi kwa wauza kava za simu. Unachomeka simu, unaweka programu kama iVRy, kompyuta inatuma picha ya SteamVR, mfumo wa VR wa duka la gemu la Valve liitwalo Steam, hadi kwenye simu. Ni njia ya bei ya chini kuliko zote, na najua kwa nini inavutia: simu tayari unayo.

Tuipitishe kwenye kipimo. Simu inajua tu kichwa chako kimegeukia wapi. Haijui kwamba umeinama, umesogea hatua moja pembeni au umechungulia nyuma ya ukuta. Mikono haiioni kabisa, hivyo unalenga kwa pua na kufyatua kwa padi. Alyx imejengwa juu ya kontrola za mikono, kwa hiyo mlango umefungwa hapo. Na simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha jairo, ambacho bila hicho hata kugeuza kichwa kunakuwa kwa kusuasua. Skrini ya kawaida ni ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, na picha inapitia Wi-Fi kabla ya kukufikia. Kichwa kikigeuka, dunia inakufuata ikiwa imechelewa kidogo, na ucheleweshaji ule mdogo ndio unaoleta kichefuchefu. Nilimpa binamu yangu ajaribu. Dakika ya sita akavua, akakaa chini, akaomba maji. Kwa miezi kadhaa baadaye alikuwa anasema VR haimfai. Haikuwa VR iliyomkataa, ilikuwa boksi lile.

Video za nyuzi 360, sawa. Kwa gemu za risasi, hata hiyo pesa kidogo usiitoe.

Njia ya pili: miwani ya WMR ya mtumba

Hapa pana historia inayomgusa mnunuzi moja kwa moja. Mwaka 2017 Microsoft walishirikiana na Acer, HP, Lenovo, Dell na Samsung kutoa miwani za Windows Mixed Reality. Zilikuwa na kamera mbili usoni, hazikuhitaji vihisi vya kubandika ukutani, na picha ya nyingi kati yake ilikuwa 1440 kwa 1440 kwa kila jicho. Samsung Odyssey ilikuwa na skrini za OLED zenye weusi wa kweli. HP Reverb G2 ya 2020 ilifika 2160 kwa 2160, na picha yake hadi leo ni safi kuliko ya Quest 2.

Desemba 2023 Microsoft wakatangaza kuuacha mfumo huo, na toleo la 24H2 la Windows 11, mwaka 2024, likauondoa kabisa. Miwani nzima, lenzi safi, kamera zinaona, lakini kompyuta haiitambui. Ndiyo maana ukiiona inauzwa kwa bei ya kutupa hupaswi kushangaa. Mwaka 2025 mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye mfumo huo ndani ya Microsoft alitoa draiva ya bure kwenye Steam inayoitwa Oasis, inayoziunganisha miwani hizi na SteamVR bila kuuhitaji mfumo wa zamani. Ni wema mkubwa kwa watu wa kipato chetu. Lakini ilipotoka ilikubali kadi za NVIDIA pekee. Mwenye RX 580 anabaki kukaa kwenye Windows ya zamani: toleo la 23H2 la Windows 11, au Windows 10, ambayo nayo usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi: kadi ya NVIDIA inakuachia milango mingi zaidi wazi.

Na mikono? Inaonekana, ila kwenye nyingi ya miwani hizi kamera zote mbili zinatazama mbele; Reverb G2 ndiyo iliyoongezewa mbili za pembeni. Mkono unapopanda begani kuchukua magazini, unapotea machoni mwa miwani na kontrola inakisia kwa vihisi vyake vya mwendo. Ukifanya haraka, kisio linatosha. Ukisita na mkono nyuma ya kichwa, mkono wako ndani ya gemu unaelea pembeni. Kwenye Alyx nilizoea. Kwenye gemu za mtandaoni, ambako unabeba bunduki ubavuni na kukimbia, ilinigharimu mara nyingi. Kila kontrola inataka betri mbili za AA, nne kwa jumla, na zinaisha upesi, kwa hiyo betri za kuchaji si anasa. Waya ni wa lazima muda wote.

Njia ya tatu: Oculus Rift

Hii nitaipita haraka. Rift ya kwanza, miwani ya kompyuta ya kampuni ya Oculus, ilitoka 2016 kwa dola 599, ikiwa na OLED ya 1080 kwa 1200 kwa kila jicho na hezi 90. Kontrola zake za Touch ni kati ya zilizokaa vizuri zaidi mkononi kuliko zote nilizowahi kushika. Inaona mikono kwa vihisi vya mezani, viwili au vitatu, na kila kimoja kinakula mlango wa USB. Tatizo ni waya wake: ni wa aina yake peke yake, hautengenezwi tena, na ndio unaokufa kwanza. Ukikatika, umebaki na pambo. Rift S ya 2019 ina kamera tano na haihitaji vihisi vya nje, ila inaingia kwa DisplayPort tu, na waya wake una shida hiyohiyo ya vipuri. Nazipenda, lakini kumshauri mtu wa Mwanza au Kisumu anunue kitu ambacho hawezi kupata waya wake, siwezi.

Njia ya nne: Quest 2

Miwani hii ya kampuni ya Meta (wakati huo Facebook) ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299, ikapanda hadi 399 mwaka 2022, kisha ikashuka hadi 199 kabla ya kuondolewa sokoni. Picha ni 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Kamera nne ziko pembeni, hivyo zinaona juu, chini na kando. Mkono unaopanda begani unaonekana karibu njia nzima. Hapo kipimo chetu kinapita. Inapoyumba ni pale unapoweka darubini ya bunduki jichoni na kontrola mbili zikasogeleana na kuzibana mbele ya kamera, na hata hapo ni kwa nukta tu.

Lakini kinachoiweka mbele kwa mtu wa kipato chetu ni kingine: ina kompyuta yake ndani. Njia tatu zilizotangulia zinakutaka uwe na mashine kamili ndipo uanze. Quest 2 unaianza leo, mashine unaitafuta polepole. Pavlov Shack, Contractors na Pistol Whip zinachezwa ndani yake bila kompyuta yoyote. Zipo pia kazi za bure za wapenzi wa gemu za zamani: QuestZDoom inakupa Doom, na Lambda1VR inakupa Half-Life ya kwanza kamili, mradi unayo mafaili ya gemu yenyewe uliyoinunua. Umeme ukikatika, na hukatika, kompyuta inazima na aliyevaa Rift anabaki gizani. Quest inaendelea kwa chaji yake, saa mbili hadi tatu.

Kuiunganisha na kompyuta kuna njia mbili. Waya wa USB ni rahisi: mlango wa USB 3 wa OptiPlex unatosha, ule wenye ulimi wa bluu, na waya wa A kwenda C. Wi-Fi ni raha zaidi, maana unageuka utakavyo bila kamba shingoni, lakini inataka ruta ya 5GHz iliyo chumba kimoja nawe, na kompyuta iunganishwe kwenye ruta hiyo kwa kebo. Watu wengi wananiuliza kama inakula bando. Haili. Picha inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inafika kwenye miwani, yote ndani ya nyumba. Intaneti unaihitaji kwa kuingia kwenye akaunti na kupakua. Programu ya Steam Link, iliyofika kwenye Quest mwishoni mwa 2023, ni ya bure, na ALVR nayo ni ya bure. Virtual Desktop inalipiwa, na kwa ruta ya wastani ndiyo iliyonipa picha tulivu kuliko zote. Anza na za bure.

Mwenye ndugu anayerudi likizo kutoka Muscat, London au Minneapolis amuulize pia kuhusu Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299. Picha yake ni ya idadi ileile ya nukta na lenzi za aina ileile kama Quest 2, ila chipu ina nguvu zaidi na unaletewa mpya, ikiwa na dhamana. Kama pengo kati yake na Quest 2 ya mtumba ni dogo, chukua hiyo.

Gemu zipi kwa mashine dhaifu

Usikimbilie Alyx siku ya kwanza. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ina moduli ya VR ya bure kwenye Steam tangu Septemba 2022. Unachohitaji ni kuwa na gemu yenyewe, ambayo kwenye punguzo huuzwa kwa bei ya chai na chapati mbili. Silaha zote zimetengenezwa upya kwa mikono miwili, unabadilisha magazini mwenyewe, na kwa kuwa injini ni ya 2004, kadi dhaifu haitoki jasho. Nilianza nayo nikiwa na GTX 1650, na hadi nilipobadilisha kadi sikuwa nimeichoka. Pale Ravenholm, mji wa mazombi ndani ya gemu hiyo, usiku, na bunduki yenye risasi mbili ndani, nilijikuta nazihesabu kwa sauti.

Alyx ni ya makumi ya gigabaiti. Kama kuna rafiki anayo, muwe kwenye ruta moja: tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha mafaili ya gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa nyumbani. Wewe bado unainunua, ila bando unaliokoa lote. Kwa gemu za mtandaoni, ujue kwamba seva nyingi ziko Ulaya na Marekani, na ping ya kwetu, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, inakuweka nyuma katika mapambano ya ana kwa ana. Gemu za hadithi, na zile za kushirikiana dhidi ya mashine, zinakutendea haki zaidi.

Nani achukue nini

Huna kompyuta, na pesa inatosha kitu kimoja tu: Quest 2, bila kusita. Una kompyuta yenye GTX 1060 ya GB 6 au zaidi, na mtu anakuuzia Reverb G2 nzima na kontrola zake kwa nusu ya bei ya Quest: ichukue, weka Oasis, na ukubali waya. Una RX 580: kaa mbali na WMR, nenda Quest. Una OptiPlex nyembamba: Quest 2 pamoja na GTX 1650, Half-Life 2 kwanza, na kasha kubwa mwakani. Una simu tu: weka akiba. Najua ni neno gumu kwa kijana mwenye hamu, lakini kila shilingi iliyoingia kwenye boksi la simu ni shilingi iliyotoka kwenye Quest.

Chumba nacho kinahesabika. Ukirusha bomu la mkono unainua mkono juu ya kichwa, na nyumba zetu nyingi zina pangaboi. Lizime kabla ya kuvaa, kila mara, hata kama ni Februari. Badala yake weka feni ya kusimama mbele yako kwa usawa wa kifua: inapoza, inapunguza kichefuchefu kwa wengi, na upepo unakuambia mbele ni wapi bila kuvua miwani.

Ukienda kununua Quest 2 ya mtumba, usikubali kuiona ikiwa imewashwa tu. Vaa, fungua ukurasa mweupe, funga jicho moja, kisha jingine. Lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kukuzia, na miwani iliyoachwa dirishani dakika chache hupata doa la njano au mstari uliokufa usiotibika. Achia vijiti vya kontrola uone kama mtu wako anatembea peke yake. Sogeza lenzi kwenye nafasi zake tatu za umbali kati ya macho, milimita 58, 63 na 68, usikie kila moja ikikaa. Hakikisha ina kava ya silikoni usoni. Mwaka 2021 sponji ya awali iliitishwa kwa sababu ya kuwasha ngozi, takriban milioni 4 kwa Marekani peke yake, na kava hiyo ikatolewa bure. Mwisho mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake na kuifuta yote mbele ya macho yako, kisha iwashe na uingize akaunti yako mwenyewe ukiwa hapohapo dukani. Ikigoma, mrudishie, na pesa ibaki mfukoni.